Siri ya Bei ya Mwani Imo Ndani ya Molekuli Zake

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Tangu wakati huo zao hilo limekuwa tegemeo la maelfu ya kaya za Unguja, Pemba na baadhi ya maeneo ya pwani ya Tanzania Bara, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Katika kipindi chote hicho, swali moja limekuwa likirudi kila unapofika wakati wa mauzo: kwa nini aina mbili za mwani, zilizofungwa kwenye kamba zile zile, katika bahari ile ile na kwa jasho lile lile, hununuliwa kwa bei mbili tofauti?

Aina ya kwanza ni ile ambayo wakulima huiita spinosamu, na jina lake la kisayansi ni Eucheuma denticulatum. Aina ya pili ni kotonii, ambayo wanasayansi huiita Kappaphycus alvarezii. Kwa miaka mingi kotonii imekuwa na bei ya juu zaidi katika soko la dunia, lakini spinosamu ndiyo inayostawi kwa wingi na ndiyo inayojaza magunia mengi yanayosafirishwa kutoka Zanzibar. Kiini cha tofauti hiyo ya bei hakionekani kwa macho. Kimo katika mpangilio wa molekuli zinazojenga mwili wa mmea huo, na kuuelewa mpangilio huo ni jambo lenye maslahi ya moja kwa moja kwa mkulima, mchakataji, mnunuzi na mlaji.

Kilichomo ndani ya mwani

Mwani haununuliwi viwandani kwa ajili ya majani wala matawi yake. Kinachotafutwa ni karaginani, dutu inayojaza kuta za seli na nafasi kati ya seli za mwani mwekundu. Kazi yake katika mmea ni kuupa unyumbufu, ili uweze kuhimili mawimbi bila kukatika na kubaki na unyevu pale maji yanapokupwa. Dutu hiyo ikitolewa na kuchanganywa na maji ya moto, kisha ikaachwa ipoe, huyafanya maji yawe mazito au yagande kuwa jeli. Sifa hiyo ndiyo iliyoipatia nafasi katika viwanda vya maziwa, nyama, dawa ya meno, vipodozi na dawa za hospitali.

Matumizi yake ni ya kale. Nchini Ayalandi watu wa pwani walichemsha mwani mwekundu wa bahari yao pamoja na maziwa ili kupata chakula kilichoganda, na jina la karaginani limetokana na mwani huo. Kilimo cha mwani wa bahari za joto kilipata nguvu nchini Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikihusishwa na kazi ya Profesa Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Kwa upande wa Tanzania, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa watafiti wa mwanzo walioonesha kwamba mwani wa pwani hii una thamani ya kiuchumi.

Kikemia, karaginani ni mnyororo mrefu wa sukari. Kila pingili ya mnyororo huo ni sukari iitwayo galaktosi, nayo ni miongoni mwa sukari zinazounda sukari ya maziwa. Pingili hizo hujipanga mbili mbili, na jozi hiyo hujirudia tangu mwanzo hadi mwisho. Mnyororo mmoja uliokamilika unaweza kuwa na pingili zaidi ya elfu moja. Baadhi ya pingili hubeba kundi dogo la atomi za salfa na oksijeni liitwalo salfeti, lenye chaji hasi ya umeme. Idadi ya makundi hayo na mahali yalipopachikwa ndivyo vinavyoamua tabia ya karaginani.

Tofauti ya kundi moja la salfeti

Wanasayansi hutambua aina tatu kuu za karaginani, nazo zimepewa majina ya herufi za Kigiriki: kapa, iota na lamda. Karaginani ya kapa, inayotoka kwenye kotonii, ina kundi moja la salfeti katika kila jozi ya sukari. Ya iota, inayotoka kwenye spinosamu, ina makundi mawili. Ya lamda, ambayo hutokana na mwani wa jamii nyingine, ina makundi matatu.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Maji yenye karaginani yanapokuwa ya moto, minyororo ya sukari huelea ovyo kama nyuzi zilizolegea. Yanapopoa, minyororo ya kapa na iota hujisokota wawili wawili, kama nyuzi za usumba zinavyosokotwa kuwa kamba. Misokoto hiyo hukutana na mingine, ikatengeneza wavu unaoyashika maji yasitiririke. Hiyo ndiyo jeli. Umbo hilo la msokoto pacha lilipendekezwa na watafiti wa Uingereza, akiwemo David Rees, baada ya kupiga nyuzi za karaginani kwa eksirei na kuchunguza namna miale ilivyotawanyika.

Chaji hasi husukumana. Kwa kuwa kapa ina salfeti chache, misokoto yake husogeleana kwa urahisi na kushikana kwa nguvu, hasa panapokuwa na chumvi ya potasiamu ya kutuliza msukumano huo. Jeli yake huwa ngumu na hukatika kwa mkato safi. Iota ina salfeti nyingi zaidi, hivyo misokoto yake hukaa mbalimbali kidogo na hupatanishwa vizuri zaidi na kalsiamu. Jeli yake huwa laini, yenye kunyumbuka, na ikivurugwa hujirudi yenyewe inapoachwa itulie. Lamda haigandi kabisa, bali huongeza uzito wa kimiminika tu.

Viwanda vinavyohitaji jeli ngumu, kama vile vya kusindika nyama, hutafuta kapa. Kapa pia huungana na protini za maziwa, kiasi kwamba kipimo chini ya asilimia 0.1 hutosha kuzuia unga wa kakao usizame chini ya maziwa ya chokoleti. Mahitaji hayo mapana ndiyo yaliyoipa kotonii bei yake. Iota nayo ina soko lake katika dawa ya meno, krimu na vyakula laini, ila soko hilo ni dogo zaidi. Kwa maneno mengine, mkulima wa spinosamu halipwi kidogo kwa sababu mwani wake ni mbovu. Hulipwa kidogo kwa sababu molekuli yake inafanya kazi nyingine, na kazi hiyo ina wanunuzi wachache.

Jinsi kisichoonekana kinavyopimwa

Molekuli ni ndogo mno kuonekana kwa darubini ya kawaida. Watafiti huzitambua kwa njia zisizo za moja kwa moja, na tatu kati ya hizo hutumika sana kwa mwani.

Njia ya kwanza ni mwanga wa infraredi, mwanga usioonekana ambao binadamu huuhisi kama joto. Vifungo kati ya atomi hutikisika, na kila aina ya kifungo hunyonya mwanga wa kipimo chake. Sampuli kavu ya karaginani ikimulikwa, kifaa huchora mstari wenye mabonde, na kila bonde ni alama ya sehemu fulani ya molekuli. Bonde lililo karibu na kipimo cha 845 huashiria salfeti iliyopo kwenye pingili ya kwanza ya jozi, nalo huonekana kwa kapa na kwa iota. Bonde lililo karibu na 805 huashiria salfeti ya pili, ile ya iota. Hivyo, gunia linalodaiwa kuwa la kotonii tupu likionesha bonde kubwa la 805, maabara hutambua kwamba limechanganywa na spinosamu. Kipimo hicho huchukua dakika chache na huhitaji kiasi kidogo sana cha unga.

Njia ya pili hutumia sumaku yenye nguvu nyingi, kwa kanuni ile ile inayotumika katika mashine za MRI hospitalini. Ndani ya sumaku hiyo, kiini cha kila atomi ya haidrojeni hutoa ishara inayotegemea majirani zake. Kapa na iota hutoa ishara katika sehemu tofauti za kipimo, na ukubwa wa kila ishara huonesha uwiano wa aina hizo katika sampuli. Njia hii ni ghali kuliko ya kwanza, lakini hutoa jibu la uhakika zaidi.

Njia ya tatu hupima urefu wa minyororo. Myeyusho wa karaginani hupitishwa katika bomba lililojazwa chembe zenye vinyweleo. Minyororo mifupi huingia katika vinyweleo hivyo na kuchelewa, ilhali mirefu hupita moja kwa moja na kutoka mapema. Muda wa kutoka hutafsiriwa kuwa uzito wa molekuli. Kipimo hiki ni muhimu kwa ubora na kwa usalama wa chakula, kwa kuwa mnyororo uliokatika vipande vipande hauwezi tena kujenga wavu imara.

Kazi ya mkulima ndani ya molekuli

Maelekezo ambayo maofisa ugani huwapa wakulima mara nyingi huonekana kama masharti ya mnunuzi. Ukweli ni kwamba mengi kati yake yana sababu ya kimolekuli.

Sharti la kwanza ni kusubiri mwani ukomae, kwa kawaida takriban siku 45 tangu kupandwa. Katika mwani mchanga, sehemu ya minyororo huwa bado haijakamilika. Pingili kadhaa hubeba salfeti ya ziada mahali ambapo husababisha kona, na kona hizo huvuruga msokoto. Mmea unapokomaa, vimeng'enya vyake huondoa salfeti hiyo na kuziba nafasi kwa daraja dogo la oksijeni linalounyoosha mnyororo. Mkulima anayevuna mapema kwa ajili ya haja ya fedha hupata uzito mdogo, na mnunuzi naye hupata jeli dhaifu.

Sharti la pili ni ukaushaji. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hutoa takriban kilo moja ya mwani mkavu, na mwani huhesabiwa kuwa tayari kwa mauzo unapobaki na unyevu wa takriban asilimia 35 hadi 40. Ukiachwa na maji mengi, bakteria huendelea kuishi ndani yake, na baadhi yao wana vimeng'enya vinavyokata minyororo ya karaginani. Ukianikwa chini, mchanga huongeza uzito usio na thamani na kushusha daraja la mzigo. Ndiyo maana vichanja vilivyoinuliwa juu ya ardhi vinahimizwa, na ndiyo maana mwani huhitaji kufunikwa haraka mvua za masika na za vuli zinaponyesha.

Sharti la tatu ni kutochanganya aina. Spinosamu ikiingia katika gunia la kotonii haiongezi thamani ya gunia. Hupunguza ugumu wa jeli ya mzigo wote, na kwa sasa jambo hilo linaweza kuthibitishwa katika maabara ndani ya muda mfupi.

Kiwandani kazi ile ile ya kuondoa salfeti ya ziada hukamilishwa kwa kupika mwani katika myeyusho wa moto wa alikali. Kotonii inapopikwa katika haidroksidi ya potasiamu, mambo mawili hutokea kwa pamoja: alikali hunyoosha minyororo, na potasiamu huishika kapa ndani ya mwani isiyeyuke na kupotea katika maji. Mwani hubaki mzima, kisha huoshwa, hukaushwa na kusagwa. Njia hii ni nafuu kuliko ile ya kuyeyusha karaginani yote na kuichuja, hivyo ni hatua inayoweza kufikiwa na nchi zinazouza mwani mkavu pekee.

Joto la bahari na kutoweka kwa kotonii

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa maeneo mengi ya Unguja wameshuhudia kotonii ikififia, ikibadilika kuwa nyeupe na kukatika vipande. Hali hiyo, inayofahamika kimataifa kama ais-ais, hujitokeza mmea unapoelemewa na joto kali la maji, mabadiliko ya kiwango cha chumvi au mwanga uliozidi. Maji yanapofikia nyuzi joto 33 hadi 35, mmea hudhoofika. Bakteria hupata nafasi ya kuingia, na vimeng'enya vyao huyeyusha karaginani inayoshikilia tawi. Tawi hulainika, hukatika na kuchukuliwa na mawimbi.

Mashamba ya maji mafupi ndiyo yanayoathirika zaidi, kwa sababu wakati wa bamvua maji hukupwa sana na yale yanayobaki hupata joto upesi. Spinosamu huvumilia zaidi hali hiyo, na hivyo wakulima wengi waliihamia. Matokeo yake ni kwamba mabadiliko ya tabianchi yamewasukuma kutoka zao la bei ya juu kwenda zao la bei ya chini bila ridhaa yao.

Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye makao yake Zanzibar, wamelishughulikia tatizo hili kwa muda mrefu. Dkt. Flower Msuya ni miongoni mwa waliojaribu, kwa kushirikiana na vikundi vya wakulima, kupeleka kotonii katika maji yenye kina na ubaridi zaidi kwa kutumia nyavu za mfano wa bomba badala ya kamba na vigingi. Mbinu hiyo hudai vyombo vya baharini na ujuzi wa kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi wa pwani hawakurithishwa. Kwa hiyo, suluhisho la kisayansi huhitaji kuandamana na mafunzo na mitaji.

Upande mwingine wa utafiti ni vinasaba. Uchunguzi umeonesha kuwa mwani unaolimwa Zanzibar ni wa asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba jamii za asili za pwani ya Afrika Mashariki zina vinasaba tofauti. Mbegu ya mashambani hupatikana kwa kukata matawi na kuyapanda upya, hivyo mmea mmoja huendelea kuwa ni ule ule kwa miongo kadhaa, na udhaifu wake husambaa pamoja nao. Jamii za asili zilizozoea bahari hii ni akiba inayostahili kulindwa, kwani ndani yake huenda ikapatikana mbegu yenye kuvumilia joto bila kupoteza ubora wa kapa.

Usalama wa mlaji

Karaginani imeruhusiwa kutumika katika vyakula katika nchi nyingi, na kwenye lebo za bidhaa hutambulishwa kwa namba E407, au E407a kwa ile iliyochakatwa kwa njia ya alikali bila kuyeyushwa. Wasiwasi unaosikika mara kwa mara hutokana na kuchanganya karaginani ya chakula na dutu nyingine iitwayo poligeenani, ambayo hupatikana kwa kuikatakata karaginani kwa asidi kali na joto. Poligeenani haijaruhusiwa kuwa kiungo cha chakula.

Tofauti kati ya dutu hizo mbili ni urefu wa mnyororo. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka sehemu yenye uzito wa molekuli ulio chini ya kilodaltoni 50 isizidi asilimia 5 ya karaginani. Mzalishaji wa Afrika Mashariki anayelenga soko hilo hawezi kukidhi sharti hilo kwa kuangalia rangi au kunusa harufu ya mwani. Anahitaji maabara yenye uwezo wa kupima urefu wa minyororo na kutoa cheti kinachokubalika.

Kutoka gunia hadi bidhaa

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imelitaja zao la mwani kuwa sehemu ya uchumi wa buluu, na mwaka 2020 iliunda wizara inayoshughulikia uchumi huo pamoja na uvuvi. Lengo linalotajwa ni kuacha kutegemea uuzaji wa mwani mkavu pekee na kuongeza thamani ndani ya nchi. Lengo hilo haliwezi kutenganishwa na elimu ya molekuli. Kiwanda kinachonunua mwani bila kujua uwiano wa kapa na iota hakiwezi kumwahidi mteja ugumu wa jeli, na mkulima asiyejua kinachopimwa hawezi kujadili bei.

Elimu hiyo pia hufungua njia kwa spinosamu iliyopo tayari. Vikundi vya wanawake katika maeneo kama Kidoti na Paje vimekuwa vikitengeneza sabuni na bidhaa nyingine za ngozi kwa kutumia mwani. Ulaini wa jeli ya iota, ambao ni kasoro machoni pa kiwanda cha nyama, ni sifa njema katika krimu na losheni.

Wakulima wanashauriwa kuvuna mwani uliokomaa, kuutenga kwa aina, kuuanika juu ya vichanja na kuuhifadhi mahali pakavu. Wanaohitaji mbegu bora au maelezo kuhusu ugonjwa wa ais-ais wanahimizwa kuwaona maofisa ugani wa maeneo yao mapema, kabla tawi moja jeupe halijageuka kuwa kamba nzima iliyo tupu. Thamani ya zao hili hujengwa baharini, pingili kwa pingili, na inaweza kupotea ufukweni katika siku mbili za uanikaji usio makini.